ASIKIAYE KILIO: Bodhisatwa wa Huruma, Pembe za Ndovu na Njia ya Misafara ya Kilosa

Utangulizi

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma hupita Magole, katika wilaya ya Kilosa, mahali ambapo nchi tambarare huanza kuinuka kuelekea milima ya Ukaguru. Mwezi Januari 2014 mafuriko yaliingia Magole na Dumila, yakabomoa nyumba, yakakata barabara kuu na kuwaacha watu wengi bila makao. Siku kama zile kila mtumishi wa Neno huulizwa swali moja, hata na wale wasiolisema kwa midomo: Je, yuko anayesikia?

Katika makala hii tunakusudia kueleza historia ya jibu moja ambalo watu wa Asia wamelitoa kwa swali hilo tangu zamani, nalo limechongwa katika mawe, miti, shaba, udongo na pembe za ndovu. Ni sanamu ya yule ambaye Wabuddha wa China humwita Guanyin, yaani atazamaye na kusikia sauti za ulimwengu. Msomaji ataweza kuuliza: Magole ina nini na Wabuddha? Jibu letu ni hili: pembe. Malighafi ya sanamu nyingi za huruma ilitoka katika bara letu, na sehemu yake ilipita katika nchi hii hii ya Kilosa, juu ya mabega ya watu. Kwa hiyo historia ya sanamu hiyo ni sehemu ya historia yetu, na mhubiri wa Tanzania hawezi kuisema kana kwamba ni habari ya mbali.

1. Bodhisatwa ni nani?

Katika mafundisho ya Kibuddha, Buddha ni yule aliyeamka, aliyeondokewa na ujinga na tamaa zinazomfunga mwanadamu katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Bodhisatwa ni yule aliye katika njia ya kuufikia mwamko huo. Wafuasi wa Mahayana, tawi lililoenea China, Korea, Japani na Vietnam, wanafundisha kwamba bodhisatwa mkuu ameweka nadhiri ya kutoingia katika pumziko lake peke yake maadamu viumbe wengine wangali wanateseka. Kwa ajili hiyo huomba, hufanya kazi na hurudi kwao.

Kati ya hao, aliyependwa kuliko wote ni Avalokitesvara, ambaye jina lake la Kisanskriti kwa kawaida hufasiriwa kuwa Bwana atazamaye chini. Sura ya 25 ya Sutra ya Yungiyungi, iliyofasiriwa kwa Kichina na mtawa Kumarajiva mwaka 406 B.K., inamsifu kuwa humwokoa kila amwitaye katika moto, katika maji, katika vifungo na mbele ya upanga wa mwuaji. Kusudi la kumwita si kwanza kupata elimu ya juu, bali kusaidiwa wakati wa shida. Ndiyo maana alipendwa na wakulima, mabaharia na akina mama kuliko na wanafalsafa.

Hapa yatupasa kutofautisha. Hekalu la Kibuddha lililoko Upanga, Dar es Salaam, liliasisiwa mapema katika karne ya 20 na Wasinhala kutoka Sri Lanka. Hao ni wa Theravada, ambao hawampi Avalokitesvara nafasi ile anayopewa China. Hata hivyo katika Sri Lanka kwenyewe sanamu zake za kale zimo, kama ile kubwa iliyochongwa katika mwamba wa Buduruvagala, na katika mji wa Kandy angali anaheshimiwa kwa jina la Natha. Kwa hiyo tusiseme "Wabuddha wanaamini" kana kwamba ni watu wa neno moja, kama vile nasi tusivyopenda kusemewa pamoja na kila aitwaye Mkristo.

2. Mlinzi wa misafara

Sanamu za kwanza za Avalokitesvara nchini India zilimwonyesha kuwa mwanamume, mwana wa mfalme aliyevaa vito, mwenye ua la yungiyungi mkononi na umbo dogo la Buddha Amitabha katika taji yake. Jambo la kutupendeza ni mahali zilipochongwa. Katika magharibi ya India njia za biashara zilishuka kutoka nchi ya juu hadi bandari za pwani, na kando ya njia hizo watawa walichimba mahekalu katika miamba. Wafanyabiashara walilala karibu na mahali hapo, wakatoa sadaka, wakaomba safari njema.

Katika pango la 7 la Aurangabad, kazi ya karne ya 6 B.K., na katika pango la 90 la Kanheri, Avalokitesvara amesimama katikati, na pande zake mbili zimechongwa hatari za msafiri: moto, wanyang'anyi, minyororo, kuvunjikiwa chombo baharini, simba, nyoka, pepo mbaya, na ndovu aliyekasirika. Katika kila picha mtu mdogo anayekimbia humkunjia mikono, naye bodhisatwa anakuja. Sutra tuliyoitaja nayo inasimulia habari ya kiongozi wa msafara aliyebeba mali ya thamani akipita katika njia yenye wanyang'anyi, akawafundisha wenzake kumwita.

Tuyashike mambo mawili hapa, kwa kuwa tutayarudia. Kwanza, huyu mwenye huruma alikuwa mlinzi wa misafara na wenye mali. Pili, ndovu katika sanamu hizo ni adui ambaye mtu aokolewe naye. Hakuna picha inayomwonyesha ndovu akilia, wala mpagazi akiomba aokolewe na tajiri wake.

3. Mwana wa mfalme awa mama

Imani hii ilipoingia China, sura ya bodhisatwa ilibadilika polepole. Hadi karne ya 10 wachongaji walikuwa bado wakimwonyesha kama mwanamume. Baadaye alionekana zaidi na zaidi kuwa mwanamke aliyevaa vazi jeupe, mwenye uso mpole. Badiliko hili lilisaidiwa na hadithi ya binti mfalme Miaoshan, iliyoandikwa katika jiwe mwaka 1100 kwenye hekalu la Xiangshan, mkoani Henan. Binti huyo alikataa kuolewa ili amtumikie Buddha. Baba yake akamwadhibu vikali. Baadaye baba alipougua ugonjwa usioponyeka, binti yule yule alitoa macho na mikono yake iwe dawa. Baba alipokwenda kumshukuru mponyaji wake akamtambua, akatubu.

Mikono na macho hayo yanaeleza pia sanamu ya ajabu zaidi, yenye mikono elfu, kila kiganja kikiwa na jicho. Katika hekalu la Puning, mjini Chengde, iko ya mti iliyosimamishwa mwaka 1755, yenye kimo cha zaidi ya mita 22. Watu wa Tibet husimulia kwamba bodhisatwa alipoyatazama mateso yote ya ulimwengu kichwa chake kilipasuka kwa huzuni, naye Amitabha akamfanyia vichwa 11 na mikono elfu ili aweze kuona na kusaidia. Mchongaji alitaka kusema kwamba haitoshi kuona bila mkono, wala mkono bila kuona. Fundisho hilo hata shemasi wetu angelielewa mara moja.

4. Mchongaji mmoja, madhabahu mbili

Mwishoni mwa karne ya 16 Wahispania walikuwa wamekaa Manila na Wareno Macau na Goa. Walihitaji misalaba, sanamu za Mariamu na za mtoto Yesu kwa makanisa yao, na wachongaji hodari walikuwa Wachina wa mkoa wa Fujian, hasa wa mji wa Zhangzhou. Mafundi hao walichonga pembe za ndovu kwa wateja wa namna mbili: Mariamu aliyempakata mtoto kwa ajili ya Wakatoliki, na Guanyin mleta watoto kwa ajili ya wenyeji. Wataalamu wa sanaa wameonyesha jinsi sura hizo mbili zilivyofanana, kwa kuwa mkono uliozichonga ulikuwa mmoja.

Katika Japani mfanano huo ulipata maana nzito. Serikali ilipopiga marufuku Ukristo mwaka 1614, waumini waliofichama walitunza nyumbani sanamu za Kannon, jina la Kijapani la Guanyin, nyingine zikiwa za kauri nyeupe ya China. Mbele ya macho ya askari zilikuwa sanamu za Kibuddha. Mbele yao wenyewe zilikuwa ukumbusho wa mama yake Bwana. Ndipo mwaka 1865, katika kanisa la Oura mjini Nagasaki, baadhi ya wazao wao walipojitambulisha kwa padre Mfaransa. Walikuwa wamekaa zaidi ya miaka 200 bila mapadre. Sisi Walutheri tunaweza kuwa na maswali mengi juu ya ibada yao, lakini itakuwa vigumu kuwashitaki watu walioteswa kwa ajili ya Jina.

5. Pembe zilitoka wapi?

Sasa tugeuke tuitazame malighafi yenyewe. Ndovu wa Asia ni wachache kuliko wa Afrika, na majike yao kwa kawaida hayana pembe kubwa. Tangu zamani Asia ilitegemea pwani yetu. Al-Masudi, ambaye aliitembelea nchi ya Zanj kwa mara ya mwisho mwaka 916, aliandika kwamba pembe zilipelekwa Oman, na kutoka huko India na China. Anasema tena kwamba Wachina walizifukiza mbele ya sanamu zao, naye anailinganisha desturi hiyo na uvumba wa Wakristo makanisani. Mwaka 1225 Zhao Rugua, ofisa wa forodha wa China, alizitaja pembe za ndovu kati ya mazao ya pwani hiyo. Bakuli za kauri za China zilizopachikwa katika makaburi ya kale ya Kunduchi ni ushuhuda wa upande wa pili wa biashara hiyo hiyo.

Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa kuwa laini na nyeupe, rahisi kuchongwa. Nyingi zilipelekwa Bombay, mji ambao mapango ya Kanheri yako karibu nao, kisha zikagawanywa hadi London na China. Nyingine zilikwenda Marekani, ambako viwanda vya Connecticut vilizikata ziwe vibao vya piano.

Na kabla ya Zanzibar kulikuwa na njia. Moja ilipita Mkata na bonde la mto Mkondoa hadi Mpwapwa. Burton alipita katika bonde hilo mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871. Nyingine ilipita Mamboya, upande wa magharibi wa Magole, ambako wamisionari wa CMS walikuwa na kituo katika miaka ya 1880. Mzigo wa mpagazi ulifika frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na pembe kubwa ilizidi hapo.

Tuseme kweli juu ya wapagazi hao. Vitabu vingi vya zamani vya misheni vilifanya ionekane kwamba kila pembe ilibebwa na mtumwa. Sivyo ilivyokuwa. Wengi walikuwa watu huru wa ujira, hasa Wanyamwezi, walioiona safari ya pwani kuwa heshima ya mwanamume, na aliyebeba pembe kubwa alitembea kwa fahari. Lakini watumwa nao walikuwapo katika misafara, na watu huru kwa watumwa walikufa njiani kwa ndui, njaa na uchovu, na wagonjwa waliachwa kando ya njia. Wakaguru na Wasagara, wenye nchi, waliuza chakula kwa misafara wakati wa amani, na wakati wa fujo waliporwa. Mwaka 1884 Karl Peters alikuja Usagara kutafuta mikataba, na utawala wa Kijerumani ukafuata. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, kazi ya mabega ilipungua, lakini pembe ziliendelea kusafiri.

6. Kilio kisichochongwa

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo makala hii inataka kulisema. Sanamu ya yule asikiaye kilio cha ulimwengu ilichongwa katika kitu kilichopatikana kwa kilio. Waliopiga magoti mbele yake hawakuwa wanafiki. Waliomba kwa machozi ya kweli, mama kwa ajili ya mtoto, baharia kwa ajili ya chombo. Lakini kilio cha mpagazi aliyeachwa Mkata hakikuwafikia, kwa kuwa pembe ikishang'arishwa haionyeshi damu.

Wala hatuwezi kusema haya kwa kuwanyoshea kidole Wabuddha. Misalaba ya Goa na Manila ilitoka katika biashara ile ile. Zaidi ya hayo, vinanda vingi vilivyoongoza nyimbo katika makanisa ya Ulaya na Marekani vilipigwa juu ya vibao vya pembe. Inawezekana kabisa kwamba watu waliimba juu ya upendo wa Mwokozi, na vidole vya mpigaji vikagusa mzigo wa mtu aliyekufa njiani kati ya Tabora na pwani.

Jambo hili halikuisha na karne ya 19. Hifadhi ya Mikumi, jirani yetu, ilianzishwa mwaka 1964. Katika eneo la Selous na Mikumi ndovu walihesabiwa 38,975 mwaka 2009. Mwaka 2013 walibaki 13,084. Nchi nzima ilishuka kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kusini mashariki ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji ndiko kulikotoka sehemu kubwa ya pembe za ndovu wa mbugani zilizokamatwa duniani. Zamani pembe iliyochongwa haikutaja kwao. Siku hizi inataja. Kati ya vitu vilivyochongwa kwa wanunuzi wa wakati wetu zilikuwamo sanamu za Guanyin, na katika Ufilipino sanamu za mtoto Yesu. China ilifunga biashara yake ya ndani ya pembe mwishoni mwa 2017. Ila tukumbuke pia kwamba mkono uliofyatua risasi mara nyingi ulikuwa wa Mtanzania, na huenda alikuwa amebatizwa.

7. Tuseme nini mbele ya usharika?

Mwezi Machi 1522 Luther alirudi Wittenberg akakuta watu wakivunja sanamu kwa jina la Injili. Alihubiri siku nane mfululizo. Alifundisha kwamba sanamu peke yake si kitu. Ubaya umo katika moyo unaoitumainia, na moyo haubadilishwi kwa shoka bali kwa Neno. Katika Katekisimu Kubwa anaeleza kwamba kile moyo unachokitegemea ndicho mungu wake. Kwa kipimo hicho mungu wa msafara wa pembe hakuwa sanamu yoyote, bali bei ya frasila.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo matatu kwa watumishi na wanafunzi.

Kwanza, tusimshuhudie jirani uongo. Wachina wamefanya kazi kati yetu tangu ujenzi wa reli ya TAZARA katika miaka ya 1970, na kuanzia takriban mwaka 2000 kampuni yao iliendesha mashamba ya mkonge huko Rudewa, hapa Kilosa. Wengi wao hawana dini. Wengine wana Guanyin nyumbani. Mhubiri anayesema kwamba hao huabudu mti au jiwe tu anavunja amri ya nane, kwa kuwa wanachokitafuta katika sanamu ni huruma.

Pili, tusifiche tofauti. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 21, linaturuhusu kuwakumbuka watakatifu na kujifunza kwao, wala si kuwaomba, kwa kuwa Mpatanishi ni mmoja (1 Tim. 2:5). Hadithi ya Miaoshan ni nzuri, nayo yatukumbusha mengi. Lakini sisi twamhubiri Yeye aliyeteswa zamani za Pontio Pilato, katika mwili, katika historia, na huruma yake haikungoja kuitwa.

Tatu, na hili ndilo zito, tuulize wapi tumeweka masikio yetu. Mungu aliyejitambulisha kwa Musa alikuwa amekisikia kilio cha watumwa kwa sababu ya wasimamizi wao (Kut. 3:7). Hakuwa mlinzi wa msafara. Alikuwa upande wa wabeba mizigo. Katika mfano wa Bwana wetu, walioshika njia yao na kumpita aliyejeruhiwa walikuwa watu wa hekalu (Lk. 10:31-32). Mahubiri yetu juu ya huruma yanaweza kuwa laini na meupe kama pembe iliyong'arishwa, na ndani yake kusiwe na jina hata moja la mtu anayelia.

Hitimisho

Tumeona jinsi mwana wa mfalme wa India alivyokuwa mama wa huruma wa China, na jinsi uso wake ulivyochongwa katika kitu kilichotoka kwetu. Wachongaji wa Aurangabad walionyesha hatari za msafiri, na maji yalikuwa mojawapo. Watu wa Magole wanazijua hatari za maji bila kusoma kitabu. Maji yalipopungua mwaka 2014, waliotafuta mahema, unga na maji safi hawakuuliza kwanza mleta msaada ni wa dini gani.

Mikono elfu ya sanamu ile ni ndoto ya wanadamu waliotamani msaada ufike kila mahali. Usharika wa watu mia tano unayo mikono elfu, nayo ni ya nyama. Kama mvua za Januari zitakuja tena na njia ya Magole ikakatika, swali la jirani halitakuwa juu ya sanamu tuliyo nayo au tuliyoikataa. Atauliza kama tulisikia.